Sungura wa Marehemu Baba

Binti yangu aliniletea sungura kwa sababu alinikuta nagombana na redio. Kugombana na redio sikatai. Mtangazaji alikuwa ameipeleka Mhunze mkoa wa Simiyu, na mimi nimezaliwa Mhunze, nikamweleza palepale kwamba ni makao makuu ya wilaya ya Kishapu, mkoa wa Shinyanga, na kwamba angekuwa mwanafunzi wangu angerudia darasa la nne. Binti alisimama mlangoni na begi lake mkononi. Akanisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akasema, "Shikamoo baba," kwa sauti ile ambayo watu huitumia wodini.

Nilikuwa nimestaafu ualimu wa shule ya msingi, mama yake alikuwa amefariki miaka minne kabla, na nyumba yangu ya Kambarage, mjini Shinyanga, ilikuwa na vyumba vinne na mtu mmoja. Yeye anafanya kazi Geita, kwenye duka linalouza vifaa vya wachimbaji: mipira ya maji, kamba, mashine za kusagia mawe. Safari iliyofuata alishuka na boksi la televisheni. Nikafurahi. Alipolifungua nilidhani ameniletea mbuzi.

"Ni sungura, baba."

"Sungura gani ana miguu ya namna hii?"

Akanieleza kwamba ni aina ya Ulaya, ya majitu, na kwamba alikuwa wa tajiri mmoja wa kule maduarani, maana ndivyo wachimbaji wanavyoyaita mashimo yao. Duara la tajiri lilipotema dhahabu alinunua gari, akajenga ukuta, akaagiza sungura wawili wakubwa ili wageni wake wapate cha kushangaa. Duara lilipokauka, gari lilikwenda, mmoja wa sungura akaliwa, na huyu wa pili binti yangu akamwomba kabla sufuria halijachemka. Alikuwa wa kijivu, masikio marefu kama mitandio iliyoanikwa, na chini ya kidevu alikuwa na nyama ya kuning'inia ya mtu aliyekula vizuri maisha yake yote. Jirani yangu, mama anayeuza mchele wa Kagongwa barazani kwake, alituazima mizani. Kilo saba na nusu. Mama muuza mchele akampiga sungura jicho la kibiashara, akauliza, "Mtamla lini?"

Naomba mlikumbuke swali hilo, kwa sababu Shinyanga nzima haikuwa na jingine.

Mimi nilikuwa na langu. "Mbwa anabweka," nilimwambia binti, "paka anakamata panya. Huyu anafanya nini?"

"Anakaa na wewe," akasema, akaenda zake Geita.

Ili uelewe aibu yangu lazima ujue nilikotoka. Sisi ni Wasukuma wa ng'ombe. Kwetu mwanaume huulizwa habari za mifugo kabla ya habari za watoto, na akijibu kwa kusitasita watu hutazamana. Baba yetu alikufa akiwa na zizi lililojaa, na zizi lile alimwachia kaka yangu mkubwa pale Mhunze, kama ilivyo haki. Mimi nilipewa shule. Miaka yote kaka alinihurumia kwa hilo. Kila tukikutana msibani, na sisi tulikuwa tunakutana misibani tu, ananishika bega mbele za watu na kuuliza, "Mwalimu, ng'ombe wako hawajambo?" Watu wanacheka. Mimi najibu kwamba ng'ombe wangu ni chaki. Sasa nilikuwa na jibu jipya, nikaapa asilisikie.

Wiki ya kwanza nilimweka stoo. Aligonga sakafu kwa mguu wa nyuma mpaka mama muuza mchele akadhani natwanga. Nikamhamishia sebuleni, siku moja tu, ili majirani wapumzike. Hakutoka tena. Kila asubuhi alipita chumba kwa chumba, ananusa miguu ya kiti, ananusa viatu vyangu, anasimama katikati ya mlango akinitazama kwa upande mmoja wa uso, halafu anaondoka bila kusema neno. Nimekaguliwa na wakaguzi wa elimu kwa miaka thelathini na nikamtambua mara moja. Nikaanza kumwita Mkaguzi. Si jina hilo, ni cheo.

Wiki ya pili Mkaguzi alikata waya wa redio kwa meno. Alifanya kazi safi, mara moja tu, kama fundi. Nikapiga kelele, nikatafuta fimbo, nikaikosa, nikakaa kwenye kiti nikihema. Naye akaja akajinyoosha sakafuni mbele yangu, miguu ya nyuma ameitupa kando, kama mgeni aliyekwishaambiwa ajisikie nyumbani. Ule ukimya ulikuwa mkubwa. Nikamwambia sungura kwamba Mhunze iko mkoa wa Shinyanga. Hakubisha.

Kumtunza sungura wa namna ile katika nchi yetu ni kazi ya kumtunza Mzungu bila kulipwa. Jua la Shinyanga linamuua. Ikifika saa sita masikio yanawaka, anahema pua ikitetemeka, na mimi, mtu mzima, ninafunika chupa ya maji ya barafu kwa kitambaa na kuilaza ubavuni mwake. Friji yangu ilikuwa na rafu mbili za chupa zake na kona moja ya maziwa yangu. Nilijifunza kwamba habebwi kwa masikio, ni ukatili. Unamshika kifuani, na mkono mwingine unayabeba makalio. Nilijifunza kwamba chakula chake hasa ni nyasi kavu, na majani ni kitoweo tu. Akizidishiwa vitu laini tumbo linasimama, na meno, ambayo hayaachi kukua, yanamzidi mdomo. Kwa hiyo mwalimu mkuu mstaafu, mzee wa kanisa, alionekana na panga pembeni ya uwanja wa mpira akikata nyasi. Wanafunzi wangu wa zamani, ambao sasa ni watu na vitambi vyao, walipunguza mwendo wa pikipiki.

"Shikamoo mwalimu! Umenunua ng'ombe?"

"Marahaba. Endesha, usinitazame mimi."

Nilimwita bwana mifugo aje amkate kucha. Alikuja na fomu. Fomu ilikuwa na ng'ombe, mbuzi, kondoo, nguruwe, kuku, na mwisho "wengineo". Bwana mifugo hapendi wengineo. Wengineo wanahitaji maelezo. Akaniuliza kama mnyama ameshapigwa chapa. Akauliza ananyweshwa wapi. Akauliza, kwa uso mkavu kabisa, kama anatoa maziwa, kwa sababu fomu iliuliza. Nilimwambia ni dume. Akaandika "hatoi kwa sasa". Akamshika vibaya, akapigwa teke la tumbo, akaketi chini na fomu yake. Alipopata pumzi akatoa ushauri wa kitaalamu: "Mzee, huyu ni wa nyama."

Wote walikuwa na wazo hilohilo. Mama muuza mchele aliniletea vitunguu siku moja, bila sababu, akaviacha mezani. Mchungaji alikuja kunijulia hali, akamtazama Mkaguzi wakati wote wa sala, macho yamefumbwa nusu, na baada ya amina akauliza kama namngojea Krismasi. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Ni kwamba tumezoea mnyama awe na kazi, na huyu hakuwa na kazi isipokuwa kukaa sebuleni kwangu na kusaga meno polepole nikimkuna kati ya masikio, sauti ndogo ya mtu anayetafuna karanga chumba cha pili. Hivyo ndivyo sungura anavyoonyesha kwamba ameridhika. Nilikuwa nimesahau kwamba kuna kiumbe duniani ninaweza kukiridhisha. Nasema wazi: nilimpenda. Nilimpenda kabla sijaacha kumlalamikia.

Halafu binti yangu akapata mchumba, fundi wa mashine za kujazia upepo kule maduarani, kijana mpole wa Kizinza, na wakubwa wake wakatuma habari kwamba watakuja kwangu kuposa.

Posa haipokelewi na baba wa binti. Baba wa binti hukaa pembeni na uso wa kuibiwa. Anayesema ni mkubwa wa ukoo, yaani kaka yangu, na ndiyo sababu nililazimika kumwita nyumbani kwangu kwa mara ya kwanza tangu tumzike mke wangu. Nilitegemea aje na dume la ng'ombe, au basi mbuzi. Kwa watoto wote wa ukoo zizi la Mhunze ndilo lililotoa mnyama. Siku moja kabla ya wageni alishuka kituoni na kikapu cha kuku wawili, jogoo na tembe, na mfuko wa michembe, vile viazi vilivyokatwa na kukaushwa juani.

"Ng'ombe wako mbali," aliniambia kabla sijauliza. "Jua limekuwa kali, nimewapeleka malishoni mbali." Alikuwa anamtazama jogoo aliposema hivyo.

Tulipoingia ndani Mkaguzi alikuwa amesimama kwa miguu ya nyuma, mikono kifuani, akinusa upepo. Kaka yangu akasimama. Ni mtu mrefu, mkavu, hajawahi kutishwa na fisi.

"Mayu wane!" akasema, akimwita mama yetu. "Hiki nini?"

Nikamwambia. Nilisema haraka, kama mtu anayebandua plasta. Nilingoja acheke mpaka jogoo ashtuke, nilingoja mkono begani na lile swali lake la ng'ombe. Hakucheka. Alimzunguka sungura mara mbili, akambonyeza mgongoni kwa kidole, akaniangalia kwa uso uliokunjuka, uso wa mtu aliyetua mzigo.

"Basi tumepona," akasema. "Kesho tutamchinja huyu."

"Kuna kuku," nikasema. "Kuna bucha hapo barabarani."

"Mdogo wangu. Kwetu mkwe anayekuja kuomba binti hali nyama ya buchani. Anakula mnyama aliyelelewa ndani ya ua wa nyumba anayooa. Kuku ni nyongeza. Baba alichinja kwa ajili ya dada zetu wote. Unataka Wazinza wakasimulie Geita kwamba kwa Wasukuma kulikuwa na kuku wawili?"

Kanuni ile ni ya kweli. Nimeila mimi mwenyewe, kwenye harusi za dada zangu watatu. Nilitafuta njia. Nikasema ana kucha, bado ana ugonjwa wa kucha. Nikasema nyama ya sungura Wazungu wanaila na mvinyo, na sisi ni walokole. Nikasema binti atalia akisikia huko Geita. "Bibi harusi lazima alie," kaka akajibu, akatoka barazani na kisu changu cha jikoni, akaanza kukinoa kwenye ngazi ya saruji. Mama muuza mchele alipoisikia sauti ile alichungulia kutoka kwake, akasema kwa furaha, "Hatimaye!" akaingia ndani kutafuta vitunguu vingine.

Nilisimama sebuleni. Mkaguzi alikuwa amejilaza kwenye chupa yake ya barafu. Kisu kilikwenda na kurudi, na mimi, niliyefundisha sayansi darasa la saba kwa miaka kumi na mitano, niliyechapa watoto waliosema radi inarushwa na mganga, nikatoka barazani nikasema:

"Kaka, huyo hachinjiki. Ni wa baba."

Kisu kikasimama.

Huko kwetu mtu anaweza kubatizwa mara mbili, kama kaka yangu, Katoliki na kisha kwa maji mengi, na bado akajua mnyama wa mizimu ni nini. Ni mnyama ambaye marehemu amemtaka. Anatengwa. Hauzwi, hachinjwi hivihivi, hapigwi. Baba alikuwa na ng'ombe mwekundu wa namna hiyo, wa babu yake, aliyezeeka mpaka akawa anakula kwa kulishwa. Nililijua hilo ndipo nikalisema.

"Alinijia ndotoni," nikaendelea. Uongo ukishatoka mlangoni unatembea wenyewe. "Wiki ile ile sungura alipofika. Alikaa pale, kwenye kigoda. Akasema, huyu ni wangu, mtunze."

"Alikuwa amevaa nini?" kaka akauliza. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Koti lake la kaki."

"Lile lenye kifungo kimoja?"

"Hilohilo."

Akaweka kisu chini. Akakaa kwenye ngazi, akapangusa macho kwa kiganja, na mimi nikatamani ardhi inimeze, lakini sikutamani kiasi cha kusema kweli. Kisha akauliza, huku akiutazama ukuta wa mama muuza mchele, "Hakusema neno juu yangu?"

"Hapana," nikasema. Nilikuwa na haraka ya kukiondoa kile kisu. "Alisema habari za sungura tu."

"Sawa," akasema kaka. "Sawa."

Wageni walikula kuku na wali wa Kagongwa, na hawakulalamika, kwa sababu kaka yangu aliwapa kitu kikubwa kuliko nyama. Aliwaingiza mmoja mmoja sebuleni na kuwaonyesha mnyama wa marehemu. Mjomba wa bwana harusi, mzee wa Kizinza mwenye suti, alivua kofia. "Shikamoo mzee," akamwambia sungura. Bwana harusi naye akainama, shikamoo. Mchungaji, ambaye alikuja kubariki chakula, nilimwona akisogeza kiti chake nyuma kidogo. Mimi peke yangu sikumwamkia. Nina mipaka. Mkaguzi aliwanusa viatu wote, akaondoka.

Katika mazungumzo ya mahari kaka alinishangaza. Siku hizi watu wa mjini wanasema ng'ombe midomoni na wanamaanisha pesa ya simu. Kila mtu anajua, na adabu ni kujifanya hujui. Kaka alikataa. Alisema mengine yote watakavyo wao, lakini ng'ombe mmoja awe na miguu. "Atembee," akasema, "nimwone akitembea." Wazinza walitazamana, wakakubali. Mimi niliona haya. Nilidhani ni ushamba.

Walipoondoka, kaka alichukua kikapu chake cha kuku, sasa kitupu, akatandika gunia ndani yake.

"Unafanya nini?"

"Mdogo wangu, mnyama wa baba hakai mjini kwenye saruji. Anakaa kwenye zizi la baba. Wewe ni mwalimu, umesahau, lakini hilo hata mtoto anajua."

Nilijua. Yule ng'ombe mwekundu alikaa wapi kama si kwenye zizi la Mhunze? Nilikuwa nimemwokoa sungura kwenye kisu kwa kumtia mikononi mwa mwenye kisu. Nilikuwa na maneno matatu tu ya kusema, nimekudanganya kaka yangu, lakini mtu huyo alikuwa amelilia koti la kaki mbele yangu siku iliyotangulia. Sikuyasema. Nilimbeba Mkaguzi mwenyewe, kifuani na makalioni, nikamweka kikapuni, nikabeba kikapu hadi kituo cha basi. Njiani nilitoa maelekezo: kivuli, maji, nyasi kavu, michembe asipewe, masikio asishikwe.

"Unanifundisha kufuga," kaka akasema, "mimi?"

Nyumba ilirudi kuwa ya vyumba vinne na mtu mmoja, na sasa vilionekana sita. Nilinunua waya mpya wa redio na sikuufunga. Chupa za barafu ziliendelea kukaa kwenye friji. Mama muuza mchele alikuja kuchukua vitunguu vyake, akanitazama, akaviacha. Binti alipopiga simu kuuliza, "Mkaguzi hajambo?" nilisema hajambo, amelala. Hivyo nikawa mzee wa kanisa mwenye uongo wa pande mbili, Geita na Mhunze.

Baada ya wiki tatu nikaamua. Mimi ni mwalimu. Jambo gumu naliandikia andalio la somo. Nilichukua daftari nikaandika lengo: kaka aelewe kwamba baba hakunijia. Hatua ya kwanza, salamu. Hatua ya pili, kukumbushana faida za ukweli. Hatua ya tatu, kukiri. Tathmini: nitarudi na sungura. Nikanunua kikapu kipana, nikakijaza matembele, yale majani ya viazi vitamu, ili apate kitu cha kutafuna safarini, nikapanda basi la asubuhi. Nilikuwa sijaenda Mhunze bila msiba kwa miaka isiyohesabika. Watu njiani waliponiona waliacha majembe na kuuliza nani amefariki.

Kaka hakuwa barazani. Mkewe, jirani mmoja aliniambia, yuko Katoro tangu mwaka jana analea mjukuu. Wanawe wote wanne wako maduarani, hilo nilikuwa nalijua. Kaka hulisema kwa majivuno. Nikazunguka nyuma ya nyumba kwenda zizini.

Uzio wa minyaa ulikuwa uleule, mrefu kuliko mtu, aliopanda baba. Lango la magogo lilikuwa wazi. Na ndani ya zizi kulikuwa na majani mabichi, yameota hadi magotini. Mtu aliyekulia kwenye ng'ombe hahitaji kuelezwa. Zizini hakuoti kitu. Kwato haziruhusu. Majani yale hayakuwa ya mwezi wala miwili. Ng'ombe hawakuwa malishoni mbali wala karibu.

Katikati ya uwanja ule wote, mahali walipokuwa wakilala madume ya baba, kaka alikuwa amejenga kibanda cha mabua ya mtama. Juu yake ametundika gunia lililoloweshwa maji. Chini yake, kwenye kivuli chenye unyevu, Mkaguzi amejinyoosha, miguu ya nyuma ameitupa kando, na mbele yake kaka yangu amekaa kwenye kigoda, ameupa mgongo mlango, anazungumza. Alikuwa anamweleza sungura, kwa Kisukuma cha heshima, habari za mvua. Halafu akamweleza habari za ng'ombe. Alisema kwamba dume la mwisho lilikwenda kumnunulia mtoto wa tatu pampu, kwa sababu duara lilikuwa limebakiza kidogo tu liteme, na kwamba lilitoa maji. Alisema kwamba kila mtoto alimwambia kimebaki kidogo. Alisema, "Sikujua kuwanyima, baba."

Nilikohoa. Kaka akageuka. Akanitazama, akakitazama kikapu.

"Umekuja kumchukua," akasema.

Hatua ya kwanza ilikuwa salamu. Sikukumbuka salamu. Nilikumbuka kuku wawili, na kisu, na uso ule uliotua mzigo alipomwona mnyama mkubwa ndani ya ua wangu. Nilikumbuka ng'ombe mwenye miguu, nami nikiona haya kwenye kiti changu. Miaka yote ile alikuwa ananiuliza habari za ng'ombe wangu, na hakuna msiba hata mmoja ambao mimi nilimuuliza za kwake. Nilihisi aibu, na aibu haikuwa ya sungura.

"Hapana," nikasema. "Nimeleta matembele."

Akasogea kwenye kigoda, kana kwamba kigoda cha mtu mmoja kinagawanyika, nikakaa chini kwenye gunia. Tukakaa. Masikio ya Mkaguzi yalikuwa ya baridi, kucha zimekatwa vizuri, kazi iliyomshinda bwana mifugo. Kaka alichuma unyasi mkavu, akauzungusha vidoleni.

"Ile siku aliyokujia," akasema. "Una hakika hakuna neno alilosema juu yangu? Hata la kugomba."

Daftari lilikuwa mfukoni, na hatua ya tatu ndani yake.

"Lilikuwepo," nikasema. "Nilisahau. Mbele ya kile kisu nilichanganyikiwa."

"Alisema nini?"

"Alisema, mwambie kaka yako ng'ombe ni wake, afanye nao atakavyo. Alisema hana neno na wewe."

Kaka akauweka chini ule unyasi.

"Alisema kwa Kiswahili au kwa Kisukuma?"

"Kwa Kisukuma."

"Basi alikuwa yeye," kaka akasema, na mabega yake yakashuka. "Baba Kiswahili kilikuwa kinamshinda. Wabeja, mdogo wangu. Asante sana."

Nikamwaga matembele yote mbele ya sungura. Alinusa viatu vyangu, kimoja, kingine, akanitazama kwa upande mmoja wa uso. Kaka alikuwa ananiangalia, anangoja, na nikajua anangoja nini. Nikavua kofia.

"Shikamoo, baba," nikasema.

Sungura alikuwa anakula. Kaka yangu akaitikia kwa niaba yake, marahaba, na sauti yake ilikuwa ya baba kabisa.